Gari Halivuti na Taa ya Injini Imewaka: Namna ya Kuitafuta Sensa Yenye Hitilafu

Karibu, ndugu mtazamaji. Gari mnaloliona hapa gereji ni la petroli, lenye injini ya lita 1.5 isiyo na tabo (pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini), na mwenyewe analalamika kwamba likianza kupanda barabara ya Chunya halivuti hata akikanyaga akseleta mpaka chini. Taa ya injini nayo imewaka.

Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, hutegemea sensa, yaani vifaa vya kupima hali ya injini, kujua kiasi cha hewa kinachoingia, joto la maji, mkao wa throto (mlango wa hewa ya injini) na mzunguko wa kranki (mhimili mkuu wa injini). Taarifa mojawapo ikikosekana, au ikipingana na nyingine, mara nyingi huacha kuiamini na kutumia makadirio yaliyowekwa kiwandani. Na hitilafu ikiwa upande wa throto au akseleta, huibana injini kwa makusudi ili gari lisije likaondoka kwa kasi ambayo dereva hakuitaka.

Kabla ya kuchomeka mashine ya kusomea hitilafu, fungua boneti utumie macho. Angalia chujio la hewa, mrija unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye throto, soketi za sensa, na waya, kwa sababu panya wa huku hupenda sana joto la injini. Pima pia betri: injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi.

Sasa chomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya usukani, washa swichi bila kuwasha injini, kisha soma misimbo ya hitilafu. Iandike yote, pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea, na usifute chochote kwanza, maana ukifuta unapoteza ushahidi. Gari hili limetoa P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu huusoma msimbo huu, huenda moja kwa moja dukani na kununua sensa ya oksijeni, ilhali sensa hiyo imetoa taarifa tu ya ilichokikuta kwenye ekzosti (bomba la moshi), na mjumbe hauawi. Vivyo hivyo P0102 husema ishara ya sensa ya wingi wa hewa iko chini mno, lakini waya uliokatika huleta msimbo uleule.

Hatua inayofuata ni kusoma takwimu za moja kwa moja. Swichi ikiwa imewashwa na injini haijawaka, presha ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) lazima ilingane na ya hewa ya nje. Dar es Salaam utaona kilopaskali 101 hivi. Hapa Mbeya, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, ni 82 au 83, na hilo si kosa. Ukiona 101 ukiwa hapa, ishuku sensa. Linganisha pia joto la maji na la hewa asubuhi, gari likiwa limelala: yakaribiane. Mashine ikionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, waya umekatika au soketi imechomoka, kwani hata Makete mwezi wa Juni hakufiki huko.

Washa injini, iache ipate joto, kisha tazama marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kontrol boksi inaongeza au kupunguza mafuta. Likiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila akseleta kukanyagwa, gari letu linaongeza asilimia 4 tu, lakini tukilipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika linaongeza asilimia 20. Kama hewa ingekuwa inavuja baada ya throto, kosa lingekuwa kubwa kwenye sailensa na kupungua kadiri mizunguko inavyoongezeka. Hapa ni kinyume, kwa hiyo ama sensa ya wingi wa hewa ni chafu, ama mafuta hayatoshi.

Tunaanza na lililo rahisi. Zima swichi, chomoa sensa ya wingi wa hewa, ipulizie dawa yake maalumu, usiiguse kwa kidole wala kitambaa, na iache ikauke yenyewe kabla ya kuirudisha.

Kama ungekuwa unashughulikia sensa ya waya tatu, ya throto au ya presha, ungepima kwa multimita: waya mmoja uwe na volti 5, wa pili uwe ethi (hasi), na wa tatu ubadilike polepole bila kuruka. Volti 5 zikikosekana, chomoa moja baada ya nyingine sensa zinazotumia laini hiyo, kwa kuwa moja iliyopiga shoti huzizima zote.

Sasa futa msimbo, ulipandishe gari mlimani huku mwenzako akitazama mashine. Kumbuka kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na hakuna sensa itakayoirudisha. Marekebisho yakibaki chini ya asilimia 10 hata gari likiwa na mzigo, kazi imekwisha. Yakipanda tena, rudi gereji upime presha ya pampu ya mafuta kabla ya kununua sensa yoyote.