Mifupa ya Kijani ya Great Orme: Mhadhara Kuhusu Machimbo ya Shaba ya Kale

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mnaijua habari ya matanuri ya chuma ya Wahaya kule Kagera, na mnajua kwamba sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara iliingia kwenye chuma bila kupitia bronzi, ile shaba iliyochanganywa na metali nyingine ili iwe ngumu. Leo nawapeleka kwa watu walioipitia, na ambao hawakuacha hata herufi moja: wakazi wa kaskazini mwa Wales, miaka kama 3,600 iliyopita.

Makumbusho hupenda kutuonyesha shoka la bronzi. Shoka hilo naliheshimu, lakini halinitoshi, kwa sababu ni mwisho wa kazi. Mimi nataka kujua nani alichimba, kwa kifaa gani, na nani alimlisha.

Great Orme ni kilima cha mawe ya chokaa kilichochomoza baharini karibu na mji wa Llandudno. Mwaka 1987, mpango wa kujenga maegesho ya magari ulilazimu eneo lichunguzwe, na chini ya kifusi cha wachimbaji wa karne ya 19 yakaonekana mashimo ya kale mno. Vipimo vya kaboni vilionyesha kuwa ni ya Zama za Bronzi: uchimbaji ulianza takriban 1700 KK na ukaendelea, kwa kupanda na kushuka, karibu miaka elfu moja. Njia za chini ya ardhi zilizokwisha kupimwa zinapita kilomita 8, na kina chake kinafika mita 70.

Walichimba kwa mifupa. Zaidi ya vipande 30,000 vimetolewa humo, vingi vikiwa vya ng'ombe, na mbavu na mifupa ya miguu ndiyo waliyotumia kukwangulia. Mtauliza mfupa unashindaje mwamba. Sehemu kubwa ya mwamba huo ilishaoza, ikalainika hadi kukwanguka, na malakaiti, madini ya kijani yenye shaba, imo katika nyufa zake. Penye ugumu walitumia mawe ya kugongea yaliyookotwa ufukoni. Yamepatikana zaidi ya 2,000, na mengine yanapita kilo 20. Palipogoma kabisa waliwasha moto ukutani mpaka mwamba upasuke kwa joto, na moshi wote huo ukawa ndani ya shimo pamoja nao. Mifupa ilikaa humo na shaba maelfu ya miaka, ndiyo maana leo imegeuka kijani. Nayo inatuambia jambo ambalo shoka halisemi: kulikuwa na watu waliofuga na kuchinja ili wengine wapate nguvu ya kushuka shimoni.

Kisha kuna njia nyembamba. Baadhi ni finyu kiasi kwamba mtu mzima hapiti hata akitambaa kwa tumbo. Waliofanya kazi humo ni watoto, pengine wa miaka mitano au sita. Jambo hili hunikaa moyoni kila ninapofundisha mada hii, na sitaki tulipite haraka. Vitabu vikisema "maendeleo ya teknolojia", mikono ya watoto hao imo ndani ya maneno hayo.

Malakaiti ikishapondwa na kuoshwa, huwekwa pamoja na makaa katika shimo dogo la moto, na mivukuto hupuliza. Makaa huondoa oksijeni kwenye madini, na joto likivuka nyuzi 1,085 za Selsiasi, shaba huyeyuka. Madini safi ya namna hii huacha mavi, yaani mabaki ya kuyeyushia, machache mno, ndiyo sababu mahali pa kuyeyushia ni shida kupatikana. Pale Pentrwyn, kwenye kilima hicho hicho, wanaakiolojia walipata shimo dogo lenye chembechembe za shaba, lakini ni la takriban 900 KK, kilele cha machimbo kilipokwisha kupita.

Shaba peke yake ni laini. Bronzi inataka stani, ile metali nyeupe ya kulehemia, kiasi cha sehemu moja kwa tisa za shaba, na stani ya karibu iko Cornwall na Devon, mamia ya kilomita upande wa kusini. Stani huifanya shaba iwe ngumu, iyeyuke kwa joto pungufu na itiririke vizuri ndani ya kalibu. Kwa hiyo hakuna kijiji cha Great Orme kilichoweza kutengeneza shoka la bronzi bila kupatana na wageni.

Shaba ya Great Orme nayo ilifika mbali. Mwaka 2019 R. Alan Williams na Cécile Le Carlier de Veslud walichapisha ulinganisho wa madini ya Great Orme na vifaa vya bronzi, wakitazama kemikali zake, hasa nikeli na aseniki, pamoja na isotopu za risasi, yaani aina za atomi za risasi zinazotofautiana kwa uzito. Waligundua kwamba kati ya 1600 na 1400 KK mgodi huu ndio ulioilisha Britania shaba kwa sehemu kubwa, na shaba yake ilivuka bahari, kuanzia Brittany huko Ufaransa hadi upande wa Baltiki. Kwangu mimi huo ni ushahidi wenye uzito kuliko hazina yoyote ya chifu.

Baada ya 1400 KK mishipa minono ya madini ilikwisha. Waliobaki waliendelea kukwangua ile myembamba kwa karne kadhaa zaidi, huku shaba ya ng'ambo ikichukua nafasi ya yao. Nakaribisha maswali.