Dakika ya Pili Isikutishe: Mwili Unafanya Nini Ukianza Kukimbia

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunamfuatilia mtu mzima asiye na mazoea ya mazoezi, ametoka alfajiri kukimbia nusu saa ufukweni Dar es Salaam. Tunataka kujua mwili wake unafanya nini tangu hatua ya kwanza mpaka saa kadhaa baadaye. Niko na kaka Hamisi, kocha wa riadha. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia.

HAMISI: Ahsante, dada Zuhura. Tuanze na lile ambalo sisi makocha tunalisikia kila mara: "Kocha, mimi pumzi sina. Dakika mbili tu nimekwisha."

ZUHURA: Basi huyo amejipima wakati mbaya kuliko wote. Mguu ukiondoka tu, misuli inataka nishati hapo hapo. Moyo unaitika upesi, ndani ya sekunde moja mbili mapigo yanapanda, kwa sababu ubongo umelegeza neva ya vagasi, ile inayoufanya moyo upige taratibu ukiwa umetulia. Wengine mapigo yanapanda hata kabla hawajaanza. Lakini matumizi ya oksijeni ndani ya misuli yenyewe hayapandi kwa kasi hiyo. Huchukua dakika 2 hadi 3 kulingana na kazi inayofanyika, na hapo nasema mwendo wa wastani.

HAMISI: Kabla ya kufika hapo, misuli inaishi kwa nini?

ZUHURA: Kwa akiba. ATP, kemikali inayobeba nishati, iliyomo ndani ya msuli ni ya sekunde chache tu. Fosfokreatini, akiba nyingine ya nishati ndani ya msuli, inasogeza mpaka kama sekunde 10 kwa mtu anayetimua mbio kwa nguvu zote. Na glukosi inavunjwa bila oksijeni, njia ya haraka sana, ila inaongeza tindikali kwenye misuli na damu. Watu hudhani njia hizi zinasubiriana, moja ikiisha ndipo nyingine ianze. Hapana, zote zinaanza pamoja. Kinachobadilika ni ipi inafanya sehemu kubwa ya kazi.

HAMISI: Kwa hiyo anayechomoka kwa kasi anaitegemea akiba hiyo zaidi, na tindikali inapanda zaidi.

ZUHURA: Na tindikali ikipanda, ubongo unayaamuru mapafu yatoe kabonidioksidi kwa wingi. Anatweta. Anajiona hana pumzi, kumbe mapafu yake mazima kabisa. Ameanza kwa haraka kuliko misuli inavyoweza kubadilika.

HAMISI: Dawa yake ni rahisi na watu wengi hawaifuati: tembea haraka dakika 5, kisha mchakamchaka wa pole pole dakika nyingine 3 hadi 5, ndipo uingie mwendo wako. Na ule wimbo wa mchakamchaka una kazi yake. Anayeitikia bila shida bado yuko kwenye mwendo mwepesi. Anayeweza kuongea sentensi nzima ila kuimba kunamshinda, huyo yuko kwenye mwendo wa wastani, ndio tunaoutaka. Aliyebaki na neno moja moja apunguze, hata kama wenzake wanamwacha.

ZUHURA: Tuje kwenye damu. Umekaa kitini, moyo unasukuma kama lita 5 kwa dakika, na misuli inapata takriban sehemu moja ya tano. Kwenye mazoezi makali kabisa mtu wa kawaida anafika kama lita 20, na misuli inachukua zaidi ya asilimia 80. Mishipa ya kwenye utumbo, ini na figo inabanwa ili damu ielekee miguuni.

HAMISI: Ndiyo maana chapati mbili na maharage halafu mbio ni kujitafutia kichefuchefu. Baada ya mlo mzito subiri saa 2 hadi 3. Ndizi mbivu moja, nusu saa au saa kabla, haina tatizo. Na kichomi cha ubavuni kikianza, usikaze mwendo ukidhani kitapita. Punguza, toa pumzi ndefu, bonyeza pale panapochoma.

ZUHURA: Presha pia inapanda, na inapaswa kupanda. Ile namba ya juu inatoka 120 hadi 160 au 180, hata zaidi kwenye kazi kali. Ya chini hubaki palepale au hushuka kidogo, kwa sababu mishipa ya kwenye misuli imefunguka. Hali ni nyingine kwa anayenyanyua vyuma vizito huku amebana pumzi. Hapo namba zote mbili zinaruka, na vipimo vya maabara vimeonyesha namba ya juu ikipita 300 kwa watu wenye afya njema.

HAMISI: Toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha. Mwenye presha asikie hilo mara mbili.

ZUHURA: Sasa joto, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu pwani yetu inawaponza watu. Katika nishati yote ambayo misuli inatumia, kama robo tu ndiyo inakuwa kazi. Iliyobaki ni joto. Mwili unapeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho, na lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoa takriban kilokalori 580.

HAMISI: Ikikauka.

ZUHURA: Hapo ndipo penye shida. Alfajiri ya Dar au Mombasa joto limepungua, ila hewa imejaa unyevu. Jasho linadondoka chini badala ya kukauka, na jasho linalodondoka halipoozi mwili. Wakati huo maji ya damu yanapungua, na ngozi na misuli vinagombania damu ileile. Kila pigo la moyo linasukuma damu pungufu kuliko mwanzo, basi moyo unaongeza idadi ya mapigo. Utaona dakika ya 10 mapigo ni 140, dakika ya 40 ni 155, na mwendo haujabadilika hata chembe.

HAMISI: Mtu akiona hivyo anafikiri amedhoofika. Ni joto. Apunguze mwendo, na asivae koti la nailoni ili "atoe mafuta". Kinachotoka pale ni maji. Ukitaka kujua umepoteza kiasi gani, jipime uzito kabla na baada, bila nguo zenye jasho: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja. Na ukikuta umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi. Sodiamu ya damu inashuka, na hiyo ni hatari ya kweli kwa wanaokimbia masaa mengi.

ZUHURA: Amemaliza sasa. Tuseme amekimbia kwa nguvu hadi mstari wa mwisho, akasimama wima ghafla.

HAMISI: Anadondoka.

ZUHURA: Wengi wanaodondoka, hudondoka hapo hapo. Wakati wa kukimbia, vigimbi vinaibana mishipa ya vena kila hatua na kuirudisha damu juu. Ukisimama, msukumo huo unakatika, na mishipa ya miguuni bado imepanuka. Damu inatuama chini, moyo unapata kidogo, ubongo unapata kidogo, kizunguzungu. Tembea dakika 5 hadi 10 mpaka pumzi irudi. Aliyeanguka mlaze, mwinulie miguu, usimsimamishe.

HAMISI: Kabla hajatembea mbali, ahesabu mapigo. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Usihesabu kwa gumba, lina mapigo yake, litakudanganya. Hesabu sekunde 10, zidisha kwa 6. Rudia baada ya dakika moja. Yakiwa yamepungua kwa mapigo yasiyofika 12 baada ya mbio ngumu, amwone daktari kabla ya kuongeza mazoezi.

ZUHURA: Na anayetumia atenolol au propranolol, dawa za presha na moyo, asifuate ile hesabu ya kukadiria mapigo ya juu kabisa, 220 kutoa umri. Dawa hizo zinazuia mapigo yasipande, atajiumiza akiyatafuta. Hata kwa asiyetumia dawa, hesabu hiyo inakosea mapigo 10 hivi juu au chini.

HAMISI: Maumivu ya kesho yake je? Bado wanaisingizia asidi ya laktiki.

ZUHURA: Laktiki inarudi kawaida ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya siku ya pili ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, hasa kwa kuteremka mlima, pale msuli unapovutwa huku umekaza. Yanafika kilele kati ya saa 24 na 72. Maumivu ya kifua yanayokwenda kwenye taya au mkono ni jambo jingine: acha mazoezi, hospitali mara moja.

HAMISI: Na sukari?

ZUHURA: Habari njema kwanza. Misuli inayofanya kazi inavuta glukosi hata bila insulini, na mwili unaendelea kuitikia insulini vizuri kwa siku moja hadi mbili. Lakini anayejichoma insulini apime kabla. Sukari ikiwa chini ya 5 mmol/L, ale wanga gramu 15 hadi 30 kwanza; kijiko kimoja cha chakula cha sukari ni kama gramu 12 hadi 13. Aliyekimbia jioni apime tena kabla ya kulala, maana sukari inaweza kushuka usiku akiwa usingizini.

HAMISI: Na asikimbie peke yake. Mwenzake ajue anatumia insulini, na ajue sukari iko mfuko gani.