Msifute Kwanza: VS Code Ikigoma Kufunguka

TATU: Karibuni tena wapendwa. Leo tulipanga masomo matano ya programu isiyofunguka. Ila kaka Shomari, kabla hujasoma orodha yako, ngoja niseme ya Jumanne. Mdogo wangu.

SHOMARI: Mweka hazina!

TATU: Huyo huyo. Anabofya VS Code, ile programu ya kuandikia kodi, kiduara kinazunguka kidogo, halafu kimya. Ukifungua Task Manager, ile orodha ya programu zinazoendeshwa, Code.exe, yaani VS Code yenyewe, hizo hapo zimejipanga, dirisha hakuna. Kapeleka kwa fundi, fundi kasema tupige windo, yaani afute kila kitu aweke Windows upya.

SHOMARI: Hata mimi ningesema hivyo.

TATU: Najua, ndiyo maana nimekuja na hasira zangu.

SHOMARI: Haya. Lakini wengine huiondoa, wakaiinstoli upya, na bado inagoma.

TATU: Lazima igome! Ukiiondoa kwa njia ya kawaida, inaondoka programu tu. Mipangilio inabaki kwenye AppData, folda ambayo Windows huificha, ndani ya Roaming, folda inaitwa Code. Ekstensheni, zile nyongeza unazoiwekea, zinabaki kwenye .vscode, ndani ya folda ya mtumiaji. Kama tatizo liko huko, umeinstoli mpya na tatizo lako umelikuta palepale.

SHOMARI: Basi na hizo zifutwe.

TATU: Subiri kwanza. Sisi tulifungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, tukaandika `code --verbose`, ili itueleze kila inachofanya. Maandishi yakamwagika, na ukiyasoma unaona GPU, GPU, GPU, yaani kadi ya grafiki. Kumbuka VS Code imejengwa juu ya Electron, mfumo wa kutengenezea programu, na ndani ya Electron mna Chromium, ileile iliyo ndani ya Chrome. Kwa hiyo inachora dirisha kwa kutumia kadi ya grafiki kama kivinjari. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ikivurugika, programu inaweza kuwaka na usione kitu. Tukaandika `code --disable-gpu`, ifunguke bila kuitumia kadi hiyo. Ikafunguka.

SHOMARI: Na kama siyo grafiki?

TATU: `code --disable-extensions`, inafunguka bila ekstensheni. Ikigoma tena, `code --user-data-dir`, unaielekeza kwenye folda tupu. Ikikubali hapo, basi kilichoharibika ni mipangilio yako. Na mpaka hapo hujafuta hata faili moja. Sasa sikia kilichokuwa ndani ilipofunguka. Untitled-1, michango ya harusi ya binamu yetu.

SHOMARI: Michango ndani ya VS Code?

TATU: Orodha nzima. Nani kaahidi, nani kalipa, nani anapigiwa simu hapokei. Shangazi laki mbili, nusu mwisho wa mwezi. Mjomba, mbuzi wawili.

SHOMARI: Mbuzi wamo kwenye Untitled-1!

TATU: Na hajawahi kuiseivu.

SHOMARI: Kamati inajua mbuzi wako wapi?

TATU: Kamati inakutana Jumapili, nimeambiwa nisiseme.

SHOMARI: Umeshasema. Mjomba akisikia mbuzi wake hawajaseiviwa...

TATU: Wako salama, na hapa ndipo nilipotaka kufika. VS Code inatunza usichoseivu kwenye folda ya Backups, ndani ya ile Code ya kwenye AppData. Ndiyo maana ukiifunga bila kuseivu, kesho unakuta kazi yako. Na hiyo ndiyo folda uliyosema ifutwe.

SHOMARI: Ningewachinja mbuzi kabla ya harusi.

TATU: Wote wawili.

SHOMARI: Sawa, lakini tuongee kweli, dada. Mimi nakaa dukani. Mteja amesimama, nyuma yake wengine. Nimemwambia kila kitu kitaondoka, kakubali. Kitu alichokataa kuseivu mwenyewe, kukilinda si kazi yangu.

TATU: Ni kazi yako. Akisikia "kila kitu" anawaza picha na nyimbo. Hajui kama kuna folda inaitwa Backups. Wewe unajua.

SHOMARI: Nikianza kuchimba AppData ya mtu, nakutana na mambo yake ya siri. Na nikinakili nusu, lawama ni yangu.

TATU: Muulize. "Kuna ulichoandika hujaseivu?" Swali moja tu, halafu unanakili folda kwenye flashi.

SHOMARI: Kwako ni swali moja. Kwangu ni kila mteja, kila programu, na kila moja ina kificho chake.

TATU: Basi usiguse hiyo laptopu.

SHOMARI: Na mwenye nayo aende wapi? Wewe uliyeandika --verbose ni mtu wa kompyuta, yeye hana dada kama wewe nyumbani.

TATU: Ndiyo maana kaja kwako, Shomari! Kazi ya mtu ya wiki nzima inafutwa kwa sababu fundi ana haraka. Hilo silikubali.

SHOMARI: Na mimi sikubali kubebeshwa.

TATU: Haya.

SHOMARI: Haya. Saa inasemaje?

TATU: Imekwisha. Masomo matano, hata la kwanza hatujalisoma.

SHOMARI: Toa la mwenye Windows 7, ametuandikia sana.

TATU: Ndugu yetu, toleo la mwisho la kwako ni 1.70.3, hayo mapya usihangaike nayo. Na wenye shida ya grafiki, msiandike amri kila siku: fungueni faili la mipangilio liitwalo argv.json ndani ya .vscode, mwekeni `"disable-hardware-acceleration": true`. Ya Linux wiki ijayo.