Jinsi ya kuchagua programu ya maili ukisafiri Nairobi–Marekani kwa tiketi ya daraja la kawaida

Habari yako mtazamaji, na karibu. Leo tunachagua programu ya maili, yaani mpango wa shirika la ndege unaokupa pointi ziitwazo maili kila ukisafiri, na tunamchagulia mtu wa aina moja tu: yule anayetoka Nairobi kuvuka Atlantiki mara mbili au tatu kwa mwaka, anakaa daraja la kawaida, na tiketi anailipa kutoka mfukoni mwake. Labda una binti anayesoma Minneapolis. Labda kazi yako ina ofisi Boston. Watu wa daraja la biashara wana hesabu zao, na ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikwa kwa ajili yao. Ukiufuata ukiwa na tiketi ya bei nafuu utaambulia makombo.

Kabla hatujaanza, chukua kalamu na karatasi. Kisha fungua barua pepe yenye tiketi ya safari yako ya mwisho uiweke kando. Tutaihitaji.

Hatua ya kwanza: andika ndege unazopanda kweli.

Usiandike zile unazotamani kupanda. Andika zile ambazo bei yake ikitokea kwenye simu yako, unalipa. Kutoka JKIA, ndege ya moja kwa moja hadi Marekani ni ya Kenya Airways kwenda New York, safari iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018. Wengine wote wanakupitisha mahali: KLM Amsterdam, Air France Paris, British Airways London, Lufthansa Frankfurt, Brussels Airlines Brussels, Turkish Istanbul, Ethiopian Addis Ababa, Qatar Doha, Emirates Dubai.

Sasa zipange kwa miungano yake, yaani makundi ya mashirika ya ndege yanayoshirikiana. Kenya Airways, KLM, Air France na Delta ya Marekani wako SkyTeam. Ethiopian, Turkish, Lufthansa, Brussels na United wako Star Alliance. British Airways, Qatar na American wako oneworld. Emirates haimo katika muungano wowote kati ya hii mitatu.

Halafu tazama unakoishia, kwa sababu New York si nyumbani kwa kila mtu. Ukielekea Atlanta, Minneapolis au Detroit, hiyo ni ngome ya Delta, kwa hiyo SkyTeam itakufikisha kwa urahisi. Houston, Denver, Chicago na Washington utamkuta United, yaani Star Alliance. Dallas, Charlotte na Philadelphia ni za American, na hapo ni oneworld. Piga mstari chini ya muungano uliojitokeza mara nyingi zaidi kwenye karatasi yako. Ukiona miwili imelingana, chagua ule unaokufikisha mwisho wa safari bila kukubadilishia ndege mara ya tatu. Mwenye watoto wadogo ananielewa.

Hatua ya pili, na hapa naomba unisikilize kwa makini: muungano si programu.

Bonga pointi zako ni za Safaricom, huwezi kupiga simu kwa laini ya kampuni nyingine ukazipata. Maili haziko hivyo. Ndani ya muungano mmoja unaweza kupanda ndege ya shirika hili na kuweka maili katika akaunti ya shirika lile. Ukipanda Turkish si lazima maili ziende Turkish, zinaweza kwenda United au Ethiopian. Ukipanda Kenya Airways, zinaweza kwenda Asante Rewards, ambayo ndiyo programu yao wenyewe, au Flying Blue ya Air France na KLM, au SkyMiles ya Delta. Safari ni ile ile na kiti ni kile kile, lakini unachovuna kinatofautiana sana.

Tena mara nyingine programu ya mgeni inamfaa mtu kuliko ya mwenyeji. Chukua Star Alliance. Hadhi ni ngazi anayopewa mwanachama anayesafiri sana. Mwenye hadhi ya Gold aliyoipata kwa Ethiopian, akipanda ndege ya United kutoka Chicago kwenda Denver, anaruhusiwa kuingia launji ya United, yaani ukumbi wao wa kupumzikia uwanjani. Mwenye Gold ya United yenyewe, kwa safari hiyo hiyo ya ndani ya Marekani, hadhi hiyo haimfungulii mlango. Ndiyo maana nasema usijisajili kwa shirika kwa sababu tu jina lake liko ubavuni mwa ndege.

Hatua ya tatu: soma herufi.

Rudi kwenye ile barua pepe ya tiketi. Shuka chini ya jina lako na nambari ya tiketi hadi kwenye jedwali la safari. Utaona nambari ya ndege, tarehe, saa, na karibu yake herufi moja peke yake. Inaweza kuwa Y, M, K, Q, T, N, au nyingine. Wengi tunaipita kana kwamba ni takataka ya kompyuta. Herufi hiyo ndiyo inayosema ulinunua nauli ya namna gani. Abiria wawili waliokaa bega kwa bega, wakala chakula kile kile, wanaweza kuwa na herufi mbili tofauti, mmoja akapata maili zote na mwenzake robo.

Tuifanyie hesabu. Nairobi hadi New York kwa njia ya angani ni kama maili 7,350. Programu inayolipa kwa umbali, ikiwa herufi yako inalipwa asilimia 100, itakupa 7,350 kwa kwenda tu. Ikilipwa asilimia 25, unapata kama 1,840. Na kuna herufi ambazo baadhi ya programu haziilipi hata maili moja. Sasa ingia kwenye tovuti ya kila programu iliyo kwenye karatasi yako, tafuta ukurasa wa kukusanya maili kwa mashirika washirika, chagua shirika utakalopanda, na utafute herufi yako. Iandike asilimia. Kazi hii ni ya nusu saa, na ndiyo sehemu ya video hii ambayo singependa uiruke.

Zipo pia programu zinazolipa kwa pesa. American Airlines ilipoanzisha AAdvantage mwaka 1981, kilichohesabiwa kilikuwa umbali. Siku hizi wakubwa wengi wanahesabu ulicholipa. Delta humpa mwanachama wa ngazi ya mwanzo maili 5 kwa kila dola kwa ndege zake yenyewe. Flying Blue humpa mwanachama wa ngazi ya mwanzo maili 4 kwa kila euro akipanda Air France au KLM, na mwenye Gold hupata 7. Angalia vizuri: kodi za serikali na za uwanja wa ndege hazihesabiwi. Ukiwa na nauli ya euro 700 baada ya kutoa kodi, unapata maili 2,800. Si nyingi. Kwa hiyo usiongeze hata shilingi elfu kumi kwenye tiketi kwa ajili ya maili za namna hiyo.

Hatua ya nne: hesabu utafika ngazi gani.

Kwa maoni yangu, msafiri wa daraja la kawaida anafaa kutafuta hadhi kwanza, na tiketi ya bure baadaye. Tiketi ya maili mara nyingi inabaki na kodi na ada za kulipa kwa pesa taslimu, na idadi ya maili inayotakiwa hupanda na kushuka kama bei ya nyanya Marikiti. Hadhi inakufaa kila safari. Nenda Terminal 1A jioni yoyote. Utaona watu wamechutama sakafuni na mabegi yamefunguliwa, wanahamisha majani chai na unga wa wimbi kutoka begi moja hadi jingine kwa sababu mizani imesoma kilo 25 badala ya 23. Mwenye Elite Plus, ambayo ni ngazi ya juu ya SkyTeam, au Gold ya Star Alliance kwa kawaida anaongezewa begi, ana foleni yake fupi, na akikwama saa sita Amsterdam au Frankfurt anazikalia kwenye launji, akiwa na chai, soketi ya kuchajia simu na choo safi. Kwa mama anayesafiri na mtoto, hilo ni jambo kubwa.

Basi hadhi inapatikanaje kwa tiketi ya bei nafuu? Hapa programu zinaachana kabisa. British Airways tangu Aprili 2025 huhesabu pauni. Silver yao, ambayo ndiyo inayokufikisha launji, inataka pointi 7,500 kwa mwaka, na kwa ndege zao wenyewe pauni moja ya nauli ni pointi moja. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja. Delta tangu 2024 inapima hadhi kwa dola peke yake, na ngazi yake ya kwanza inataka 5,000. Ukilipa mwenyewe, milima hiyo ni mirefu.

Flying Blue inapima kwa njia nyingine. Inatoa pointi za hadhi ziitwazo XP, na haiangalii ulilipa kiasi gani. Inaangalia daraja ulilokalia na urefu wa kila kipande cha safari. Kwa daraja la kawaida, kipande cha kati ya maili 3,500 na 5,000 ni XP 10, na cha zaidi ya 5,000 ni XP 12. Nairobi hadi Amsterdam ni maili 4,100 na kidogo. Amsterdam hadi New York ni kama 3,640. Kwa hiyo kwenda ni 10 na 10, na kurudi vivyo hivyo, jumla 40. Ndege ya moja kwa moja ni 12 kwenda na 12 kurudi, jumla 24. Umeona? Anayepitia Amsterdam anamtangulia mwenzake. Silver inataka XP 100, kwa hiyo safari tatu za kwenda na kurudi ndani ya mwaka zinakufikisha, na 20 zinazozidi zinahesabika unapoanza kupanda kuelekea Gold, inayotaka 180. Gold ndiyo Elite Plus.

Sikwambii uache ndege ya moja kwa moja. Saa 15 bila kushuka ni raha kwa mtu anayesafiri na mzazi mzee, na hapo pointi hazina maana. Lakini ukisafiri peke yako na bei zimekaribiana, sasa unajua kipande cha pili kinakulipa nini. Kama karatasi yako imeonyesha Star Alliance, fanya hesabu hiyo hiyo kwa Ethiopian, Turkish na United: mwaka wako mmoja, herufi zako, ngazi utakayofika.

Hatua ya tano ni fupi: tazama maili zinakufa lini. Za Delta na United hazina mwisho. Za American zinapotea akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli, na za Emirates zina umri wa miaka mitatu. Kama safari zako zina mapengo, kwa mfano unangoja visa, jambo hili linaweza kukuamulia.

Hatua ya sita: jisajili, na ujisajili vizuri. Kujisajili ni bure. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, neno kwa neno. Wengi wetu tuna majina matatu, na akaunti yenye majina mawili ikikutana na tiketi yenye matatu, maili zinaweza kukataa kuingia. Kama unanunua kwa wakala pale mjini, mpe nambari ya uanachama kabla hajatoa tiketi. Ukifika kaunta, tazama bodingi pasi uliyopewa: nambari yako inapaswa kuwa imechapishwa hapo, pamoja na jina la programu uliyochagua. Ikiwa haipo, mwombe mhudumu aiingize kabla hujaondoka kwenye dirisha lake.

Tunza bodingi pasi zote, hata ya kipande cha mwisho, hadi uone maili kwenye akaunti. Zisipoonekana baada ya wiki mbili hivi, fungua sehemu ya kudai maili kwenye tovuti, jaza nambari ya tiketi, ambatisha picha. Dai mapema, maana kila programu ina muda wake wa mwisho. Na picha hiyo ya bodingi pasi itume kwa programu tu, usiibandike kwenye stetasi yako ya WhatsApp. Jina lako na ile nambari ya kuhifadhi safari (booking reference) iliyoandikwa juu yake vinatosha mtu mwingine kufungua safari yako na kuibadilisha.