Kulwa na Doto Kibarazani: Nani Aandike Dawa?

DOTO: Mwangaluka wasikilizaji. Tuko Kirumba, hapa Mwanza, madirisha tumeyafunga kwa ajili ya kelele za bodaboda, lakini harufu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni imeingia hivyohivyo. Mimi ni Doto, mfanyabiashara wa hao dagaa.

KULWA: Mwangaluka. Mimi Kulwa, mfamasia, na ni mkubwa wake.

DOTO: Kwa dakika ishirini!

KULWA: Zinatosha kabisa kunipa shikamoo.

DOTO: Hupati. Haya, leo tuna hoja moja. Mfamasia aruhusiwe kuandika dawa mwenyewe, mgonjwa asianzie kwa daktari? Maana mimi, dada yangu, nikiumwa naanzia dukani. Kila mtu pale Mwaloni anaanzia dukani. Sasa mnaomba ruhusa ya kitu gani, wakati mnaandika tayari?

KULWA: Hatuandiki, tunauza. Mtu anakuja, "nina yutiai, nipe dawa," yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Nani kampima? Kajipima mwenyewe. Muuzaji akimpa, mgonjwa ndiye aliyejiandikia. Muuzaji kapokea hela, hakuna maandishi popote, na kesho dawa ikimdhuru hakuna wa kuulizwa.

DOTO: Kwa hiyo tatizo ni daftari?

KULWA: Daftari ni sehemu yake. Ngoja nikupe mfano wa hapahapa. Kijana ametoka Misungwi, anasema mkojo unauma na unatoka na damu. Anataka antibiotiki. Mimi nikisikia Misungwi, au Kwimba, na damu kwenye mkojo, nawaza kichocho. Kule kuna kichocho cha mkojo, konokono wake wanakaa kwenye malambo na madimbwi. Antibiotiki hazimuui mdudu yule hata ukimeza katoni.

DOTO: Na huku ziwani?

KULWA: Huku ufukweni tuna kile cha tumbo, kinakwenda kwenye utumbo na ini. Wavuvi, watoto wanaoogelea, akina mama wanaofulia. Halafu kuna jambo halisemwi sana: kile cha mkojo kinaweza kumshambulia mwanamke sehemu za siri. Anatokwa damu, anapata maumivu kwenye tendo la ndoa, anapewa dawa za magonjwa ya zinaa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mume anaanza kuuliza maswali. Nyumba inavunjika, kumbe ni konokono wa lambo.

DOTO: Duh.

KULWA: Sasa hapo ndipo ninapojiuliza maswali na mimi. Ukinipa kalamu, je, nitamwambia yule kijana "nenda maabara kwanza," wakati hela iko mkononi mwake na kodi ya fremu inanisubiri?

DOTO: Hilo nilitaka nikuulize, nikaogopa utanifokea. Daktari akiandika, hauzi. Wewe utaandika na utauza. Ni kama mimi nipime dagaa wako kwa mzani wangu na bei nipange mimi.

KULWA: Unafanya hivyo kila siku.

DOTO: [Anacheka] Ndiyo maana najua ubaya wake.

KULWA: Uingereza wameligusa hilo kwa namna niliyoipenda. Januari 2024 walianza huduma kwenye famasi za kule England. Magonjwa saba tu: koo, sikio kwa watoto, sainasi, mkanda wa jeshi, yutiai ya mwanamke isiyo na utata, upele wa ngozi unaotoa usaha, na kuumwa na mdudu kukapata maambukizi. Hata hiyo yutiai, ni mwanamke wa miaka 16 hadi 64. Mwanamume haimo, mjamzito haimo. Na famasi inalipwa na serikali kwa kumsikiliza na kumpima mgonjwa. Ukimaliza ukamwambia "huhitaji antibiotiki, kanywe maji, kapumzike," umelipwa.

DOTO: Unalipwa kwa kutouza!

KULWA: Kwa kufanya kazi yangu. Halafu wale wanafuata mwongozo uliokwisha andikwa, hatua kwa hatua. Wenye kalamu yenyewe ni wengine, wafamasia waliosomea kuandika dawa. Hao walianza kuruhusiwa mwaka 2003 wakishirikiana na daktari, mwaka 2006 wakaachiwa peke yao. Alberta, kule Kanada, walianza 2007. Afrika Kusini wapo wenye kibali cha kutibu magonjwa ya ngazi ya msingi, ila walipotaka kuongeza dawa za VVU, madaktari wakaenda mahakamani.

DOTO: Madaktari wa kwetu nao watakwenda.

KULWA: Waende, nitawaelewa. Wanaona famasi ambazo mfamasia wake ni cheti ukutani. Jina lipo, leseni ipo, mtu mwenyewe anaonekana siku ya ukaguzi. Anayekuhudumia ni binti aliyeajiriwa juzi. Sheria ya Famasi ya 2011 haikutungwa kwa ajili ya hicho. Kalamu ukiitoa leo, nani ataishika pale?

DOTO: Na maduka ya dawa muhimu? Kisiwani kwa mjomba hakuna mfamasia, lipo hilo tu.

KULWA: Mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, DLDM, si mfamasia. Ana mafunzo ya wiki chache, mimi nimesoma miaka minne na mwaka wa vitendo juu yake. Lakini usiwadharau. Mpango ule ulianzia Ruvuma mwaka 2003, kwa sababu duka la dawa baridi liliruhusiwa dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, ila watu waliuziwa antibiotiki kwa siri chini ya kaunta. Serikali ikasema: tuwafundishe, tuwape orodha fupi ya dawa, tuwakague. Orodha ina amoksilini, ina dawa mseto ya malaria. Kwa hiyo nchi hii ilishawahi kuchukua kitu kilichofanyika gizani ikakiwekea mipaka. Si wazo la kizungu.

DOTO: Basi kama ungepewa kitu kimoja, ungetaka nini? Usinipe vitano.

KULWA: Kuendeleza dawa za presha.

DOTO: Hicho tu?

KULWA: Hicho tu. Kuna mama anavuka kutoka Ukerewe. Anatumia kidonge kilekile, kipimo kilekile, muda mrefu. Dawa zimeisha, cheti kimepitwa na tarehe. Apande meli, alale kwa ndugu Mabatini, apange foleni kliniki tangu alfajiri, aandikiwe kilekile. Nauli inapokosekana anakaa bila dawa, na presha haimsubiri apate nauli. Mimi naweza kumpima. Ikiwa imetulia, nampa ya miezi mitatu, naandika, na kliniki yake inapata taarifa. Nikikuta 180 kwa 110, simpi kitu cha kumfariji, nampakia bajaji apande hospitali ya Bugando.

DOTO: Na nani atalipia huko kupima?

KULWA: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023. Kitita cha huduma za bima kikijumuisha ushauri wa mfamasia, tumeanza. Kisipojumuisha, nitabaki kuishi kwa faida ya maboksi, na wewe hutakiwi kuniamini sana.

DOTO: Mimi nakuamini. Hata dawa ya kichocho mwaka jana nilimeza.

KULWA: Nani alikupa?

DOTO: Duka moja, silitaji. Nilikuwa na elfu moja nikapewa vidonge viwili.

KULWA: Viwili! Alikupima uzito?

DOTO: Alinipima mfuko.

KULWA: Doto, una kilo ngapi?

DOTO: Sabini na tano, kwa mzani wa dagaa.

KULWA: Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo. Hiyo ni elfu tatu. Kidonge kina 600. Piga hesabu, wewe si mfanyabiashara?

DOTO: ...Vitano.

KULWA: Vitano, kwa mara moja, ukiwa umekula. Viwili ulivyomeza ni vya mtoto wa kilo thelathini.

DOTO: Kwa hiyo hao wadudu bado ninao?

KULWA: Sijui, na ndiyo sababu sikuuzii kitu leo. Kesho asubuhi unapeleka choo maabara.

DOTO: Hili tulikate kwenye kipindi.

KULWA: Halikatwi.