Mgeni Kwao

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja licha ya mvua hii.

Hapa Kisumu tunaulizana kila siku: kwenu ni wapi? Mtu aliyeishi mtaa wa Nyalenda miaka 30 atakujibu Alego, au Gem, au Seme. Mjini ana kile Wajaluo tunachokiita ot, nyumba ya kulala. Dala yake, yaani boma la ukoo wake, iko kwingine. Mwaka 1987 mjane na ukoo wa wakili S.M. Otieno walivutana mahakamani juu ya jambo hilo hilo, kwao ni wapi na azikwe wapi, na mwili ukakaa mochari miezi mitano kabla ya kuzikwa Nyalgunga, Siaya. Ugeni basi tunaujua. Ila sisi tunaamini una dawa: panda matatu, nenda dala.

Albert Camus, mwandishi Mfaransa aliyezaliwa Algeria mwaka 1913, anatunyang'anya dawa hiyo. Katika insha yake ya 1942 juu ya Sisifo, yule wa ngano za Kigiriki aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani milele, anasema uhamisho wa binadamu hauna tiba, maana hana kwao alikopoteza apate kukukumbuka, wala nchi ya ahadi ya kuitumainia. Wale Wayahudi wa Zaburi, waliohamishwa hadi mito ya Babeli, walikuwa na Sayuni ya kuililia. Binadamu wa Camus hana.

Mimi naona wazo hilo linauma zaidi katika hadithi yake fupi ya 1957, ile ya mwalimu Daru. Daru anafundisha peke yake kwenye uwanda wa juu, huko huko alikozaliwa. Mahali pengine popote angejiona yuko uhamishoni. Askari anamletea Mwarabu mfungwa ampeleke polisi. Daru anamlisha, anamlaza, na asubuhi anampa chakula na faranga 1,000, kisha anamwonyesha njia mbili: hii ya gerezani, ile ya kwa wafugaji watakaomhifadhi. Mfungwa anashika ya gerezani. Daru anaporudi anakuta ubaoni maandishi ya kumtisha: umemtoa ndugu yetu, utalipa.

Kichwa cha hadithi hiyo ni L'Hôte, neno moja la Kifaransa lenye maana ya mgeni na pia ya mwenyeji. Kiswahili chetu kimewatenga hao wawili, lakini chenyewe kimefumba jingine: mgeni ni yule unayemchinjia kuku, na mgeni ni yule usiyemjua. Usiku ule chumbani mwa Daru, nani mgeni wa nani? Nimeisoma mara nyingi na bado swali hilo linanikosesha usingizi.

Wadhanaishi wa Kiswahili, waandishi wanaohoji maana ya kuishi, wamelijua pia. Kazimoto wa Euphrase Kezilahabi, katika riwaya ya Kichwamaji ya 1974, anatoka chuo kikuu kurudi kwao Ukerewe. Dala anayo. Anafika, na hapo ndipo ugeni unapomkaba, hadi anajiua.

Mahakama ya Rufani iliweza kuamua mwili wa Otieno ulazwe wapi. Daru alisimama dirishani, akaitazama nchi aliyoipenda mno, akiwa peke yake.