Spana kubwa za kale: zilifungua nini?

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo mezani tuna spana nzito, na kuinua naiinua kwa mikono miwili. Kaka Baraka, ukikuta kitu kama hiki kwa wauza chuma chakavu, unaanzia wapi kujua kazi yake?

BARAKA: Mdomoni, dada. Watu wanashangaa ukubwa, lakini kinachojibu kwanza ni mdomo. Pima upana wake, kisha tafuta maandishi.

REHEMA: Hapa pameandikwa 2 W. Nimepima mdomo nikapata milimita 80. Inchi mbili ni kama milimita 51 tu. Mbona haviendani?

BARAKA: Hapo ndipo wengi hupotea. W ni Whitworth. Joseph Whitworth alikuwa mhandisi wa Uingereza, na mwaka 1841 alipendekeza nyuzi za boliti ziwe na kipimo kimoja, maana kila karakana ilikuwa inakata za kwake. Kwenye spana za mfumo wake, namba inataja unene wa boliti. Upana wa nati hautajwi kabisa. Boliti ya inchi mbili nati yake ina upana wa inchi 3.15, na hizo ndizo milimita 80 zako.

REHEMA: Kumbe! Basi tayari tunajua ilifunga boliti ya inchi mbili ya Kiingereza.

BARAKA: Na boliti nene hivyo hazikai kwenye baiskeli. Ni mambo ya injini za mvuke, meli, madaraja, pampu kubwa. Nenda makumbusho ya reli Nairobi ukasimame kando ya Garratt za daraja la 59, zile injini kubwa za mvuke za treni. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilitengeneza 34 miaka ya 1955 na 1956, kila moja ina tani zipatazo 252, nazo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ukiziona nati zake, spana hii haikushangazi tena.

REHEMA: Lakini hujasema hii ilitoka huko.

BARAKA: Sijasema, na sitasema. Namba peke yake haitoshi. Geuza uangalie mkia.

REHEMA: Ni mfupi, mnene, na mwisho umepondeka.

BARAKA: Umepigwa nyundo. Spana ya namna hiyo mtu haivuti kwa mkono. Unaivisha kwenye nati, mwenzako anaigonga kwa nyundo kubwa. Ingekuwa na mkia uliochongoka, ningesema ni ya mafundi wa madaraja na minara: ncha ile huingizwa kwenye matundu ya vyuma viwili mpaka yalingane, ndipo boliti inapita.

REHEMA: Na zile ndefu nyembamba?

BARAKA: Nyingi ni za reli. Pale reli mbili zinapokutana kuna vibao vya chuma vilivyokazwa kwa boliti, na treni ikipita, zinalegea. Watu wa gengi walitembea njiani wakizikaza. Mpini mrefu ulimwongezea mtu nguvu bila kumkunja mgongo siku nzima. Mimi hao nawaheshimu sana.

REHEMA: Kuna kubwa kuliko zote hizo?

BARAKA: Za visima vya mafuta vya Marekani, enzi za kuchimba kwa kudondosha patasi nzito iliyofungwa kwenye kamba. Mdomo ni wa mraba, nazo zilitumika mbili mbili: moja inashika, nyingine inasukumwa kwa jeki iliyopinda sakafuni.

REHEMA: Inaniuma kuona vyuma hivi vikikatwa vipande viuzwe kwa kilo. Anayetaka kututumia picha afanye nini?

BARAKA: Grenda aiweke mbali, inafuta herufi. Brashi ya waya na mafuta ya taa vinatosha, kisha apake chaki kwenye maandishi ili yasomeke. Aweke rula mdomoni. Na mkia aupige picha pia. Wengi wanatuma kichwa tu.